Utabiri wa vuli Moshi na Arusha: TMA, ICPAC, vipimo vya bahari au programu ya simu?

Ikifika mwishoni mwa Agosti simu yangu haipumziki. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa pande mbili: wa juu wana vihamba vya kahawa na migomba Uru na Kibosho, wa chini wanalima mahindi na maharage tambarare, kuanzia Mabogini hadi Kahe. Wote wanauliza swali moja: vuli ya mwaka huu itakuwaje, na tumsikilize nani? Kwenye makundi ya WhatsApp wanapokea ramani za rangi, sauti zilizorekodiwa redioni na picha za programu za simu, na hakuna hata moja inayojieleza imetoka wapi.

Mwaka 2016 nilimsikiliza asiyefaa. Mvua ilinyesha siku mbili, programu ya simu ikaonyesha mawingu na matone kwa siku kumi zilizofuata, nami nikawatangazia wenzangu kwamba vuli imeingia. Tulipanda maharage kesho yake. Yaliota vizuri, yakafungua majani mawili, kisha jua likawaka wiki baada ya wiki. Mama mmoja aliyekopa fedha za mbegu alinionyesha mche alioung'oa, mzizi umekauka mpaka ncha. Alisema tu, "Katibu, ndiyo hivyo." Baadaye nilikuja kujua kwamba dalili za vuli mbaya ya mwaka ule zilionekana baharini tangu katikati ya mwaka, na zilikuwa wazi kwa yeyote, bila malipo. Tangu hapo nimejifunza kusoma kila utabiri ninaoweza kuupata, na haya ndiyo ninayowaeleza wenzangu.

Kwanza, kwa nini bahari

Mkulima wa Kahe yuko mbali na pwani, lakini vuli yake inapikwa Bahari ya Hindi. Kwa kawaida upepo wa eneo la ikweta husukuma maji ya moto kuelekea Indonesia. Kuna miaka upepo hugeuka: maji ya moto hurundikana upande wetu wa Afrika, na karibu na Sumatra maji baridi hupanda kutoka chini. Hali hiyo huitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi, na ilielezwa kwa jina hilo mwaka 1999. Ikiwa chanya, joto liko kwetu na vuli huwa na mvua nyingi. Ikiwa hasi, joto liko kwao na sisi tunabaki tukitazama mawingu yakipita. Mwaka 2016 ilikuwa hasi, tena kali.

Watu wengi wanajua El Niño peke yake, kwa sababu ya mafuriko ya 1997. Lakini 1997 El Niño ya Pasifiki na dipoli chanya ya bahari yetu zilikuja pamoja. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa vilevile, ila dipoli ilikuwa dhaifu, na wengi waliojiandaa kwa mafuriko kama ya 1997 hawakuyaona. Mwaka 2019 mambo yaligeuka: Pasifiki haikuwa na El Niño ya kutisha, lakini tofauti ya joto kati ya pande mbili za Bahari ya Hindi ilipita nyuzi 2, na Afrika Mashariki nzima ikalowa. Wazee wetu waliona hali kama hiyo mwishoni mwa 1961, wakati Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru. Mvua ya msimu ule na ya miaka iliyofuata ilipandisha Ziwa Victoria zaidi ya mita moja. Hakukuwa na boya hata moja katika bahari yetu la kuwaambia kinachokuja.

Kwa hiyo utabiri wowote wa vuli usiotaja Bahari ya Hindi, ukataja El Niño tu, mimi huuweka pembeni.

Visima vinne, maji mamoja

Hili linawaponyoka wengi. Mtu anasema, "TMA wamesema mvua nyingi, ICPAC wamesema mvua nyingi, Wazungu nao wamesema mvua nyingi, basi wameshahakikisha watatu." Hapana. TMA ni mamlaka yetu ya hali ya hewa, ICPAC ni kituo cha kanda kilichoko Kenya, lakini wote, pamoja na Wazungu, ni mashahidi watatu waliosoma barua moja.

Barua yenyewe inaandikwa baharini. Kuna maboya ya Argo, karibu 4,000 duniani kote, yanayochangiwa na nchi zaidi ya 30. Boya la Argo ni kama bomba refu kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Huelea likiwa limezama mita 1,000, kila baada ya siku kumi hivi hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda taratibu likipima joto na chumvi mpaka juu, ambako hutuma vipimo kwa setilaiti na kuzama tena. Kuna maboya mengine yaliyofungwa nanga. Ya Pasifiki yalikamilika mwaka 1994. Ya Bahari ya Hindi, mtandao uitwao RAMA, yalianza kuwekwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Marekani, India, Japani, Indonesia, China na wengine. Setilaiti nazo hupima kimo cha uso wa bahari bila kukoma tangu 1992, kwa kazi ya pamoja ya Ulaya na Marekani. Zanzibar ipo pia: kipimo cha kujaa na kupwa kwa maji bandarini ni sehemu ya mtandao wa dunia wa usawa wa bahari.

Kwa nini kupima chini, wakati mvua inatoka juu? Fikiria sufuria kubwa la msibani. Upepo ukipuliza, uso wa maji hupoa upesi, lakini ukichovya mwiko hadi chini utajua joto lililobaki ni la saa ngapi. Setilaiti inaona uso. Boya ndilo mwiko. Utabiri wa miezi mitatu mbele unawezekana kwa sababu ya joto lile la chini.

Na barua hii inaweza kukatika. Mwaka 2012 Marekani iliistaafisha meli iliyokuwa ikihudumia maboya ya nanga ya Pasifiki kwa sababu ya bajeti, na kufikia mapema 2014 mtandao ule ulikuwa ukitoa chini ya nusu ya vipimo vyake, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikisubiri kujua kama El Niño inakuja. Upande wetu, uharamia wa pwani ya Somalia ulichelewesha kwa miaka uwekaji wa maboya ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, yaani hasa eneo linalotuletea vuli. Siku kama hizo huwezi kusema nitaacha TMA nifuate Ulaya. Wote huumia kwa pamoja.

Kama maji ni mamoja, tofauti ya visima iko wapi? Iko kwenye kata na mtungi: nani anayachota mapema, nani anayachuja kwa ajili ya mahali petu, nani anakupa kwa lugha unayoielewa. Hapo ndipo pa kuchagua.

Uamuzi wa kwanza: mbegu gani, na shamba lipi

Huu hufanyika Septemba. Mkulima wa tambarare anaamua kama atapanda maharage tu, au atathubutu mahindi ya muda mfupi, au aache shamba la chini kabisa linalotuama maji. Kwa uamuzi huu ninaweka TMA mbele, na nina sababu.

Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya msimu wa vuli iko kwa Kiswahili. Inataja mikoa kwa majina. Zaidi ya yote, inasema mvua zinatarajiwa kuanza wiki gani ya mwezi gani na kuisha lini. Hakuna chombo cha nje kinachompa mkulima wa Kilimanjaro tarehe hizo kwa namna ya kutumika. Maharage yanayokomaa kwa miezi miwili na nusu hivi yanahitaji kujua mlango unafunguka lini na unafungwa lini, kuliko kujua jumla ya milimita. Tena TMA hurejea na taarifa za mwezi na za siku kumi kumi, kwa hiyo kama bahari imebadilika Oktoba utasikia.

Udhaifu wake ni maneno. "Wastani hadi juu ya wastani" yanabeba makundi mawili kwa kikapu kimoja, na mkulima husikia lile analolitaka. Pia Arusha, Manyara na Kilimanjaro huwekwa kundi moja, ilhali Kahe haipati hata nusu ya mvua inayonyesha Kibosho, na unazitenganisha kwa mwendo wa daladala chini ya saa mbili.

ICPAC inaziba pengo la maneno. Hiki ni kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na kinahudumia nchi 11. Tanzania si mwanachama wa IGAD lakini ni mmoja wa hao 11, na wataalamu wa TMA hukaa meza moja na wenzao katika jukwaa linalofanyika tangu 1998 kabla ya kila msimu. Kwa vuli, ramani yao hutoka mwishoni mwa Agosti, ikiwa na asilimia. Tuseme eneo letu limeandikwa 45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini. Maana yake, kama vuli kumi zingeanza na bahari ya namna hii, nne au tano zingelowa, tatu au nne zingekuwa za kawaida, na mbili zingekuwa kavu. Wengi hutazama rangi ya kijani wakasahau zile mbili. Ukumbuke pia kwamba asiyejua chochote angesema 33, 33, 33. Kwa hiyo 40 ni mnong'ono, 60 ni sauti ya kusikika.

Nilimweleza hivyo mzee mmoja wa Kahe mwaka 2023, ramani ikiwa imeiva kijani. Nilimwamkia, akaniitikia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, asilimia hazipandwi. Niambie nifanye nini." Alikuwa na haki kabisa. Tangu hapo kila asilimia ninayoipeleka tambarare naifuatisha na kitendo. Kwake yeye ilikuwa kuchimba mifereji ya kutolea maji kabla ya kupanda, na kuweka robo ya mbegu ndani. Sehemu ya pili ndiyo muhimu kwangu: mkononi mwa mkulima, asilimia 20 ya ukame ni debe la mbegu ambalo hulipandi.

Tatizo la ICPAC ni kwamba ramani zake nyingi ziko kwa Kiingereza, na mtu wa kusoma takwimu lazima apatikane. Kama kikundi chenu kina mwalimu wa sekondari au afisa ugani mwenye moyo, soma zote mbili: TMA kwa tarehe, ICPAC kwa uzito wa uhakika. Kama hamna, TMA inatosha, na msijione mmepungukiwa.

Jukwaa la SADC, ambalo Tanzania imo pia, mimi silitumii kwa huku kwetu. Macho yake yako zaidi kusini, kwenye nchi za msimu mmoja.

Uamuzi wa pili: kuuza ng'ombe

Hapa mpangilio unabadilika. Mfugaji wa Longido au Monduli akisubiri taarifa ya Septemba, ng'ombe wameshakonda na bei mnadani imeshaanguka. Waliopitia ukame wa 2009 hawahitaji kukumbushwa, na La Niña, kinyume cha El Niño, iliyojirudia miaka mitatu mfululizo, 2020 hadi 2022, iliwaonyesha vijana wao. Mfugaji anahitaji dalili Julai, hata kama ni dhaifu.

Kwake nashauri vipimo vya bahari vyenyewe. Idara ya hali ya hewa ya Australia hutoa kipimo cha dipoli mara kwa mara, bure. Ni namba moja tu: ikizidi 0.4 kwa wiki kadhaa, dipoli chanya inajengeka. Ikishuka chini ya hasi 0.4, ni hasi. NOAA ya Marekani nayo hutoa taarifa ya El Niño na La Niña kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Dipoli huanza kujijenga Mei au Juni na hufika kilele Septemba au Oktoba, hivyo namba ya Julai ina la kusema. Namba ya Aprili haina. Mtu akikuletea utabiri wa vuli mwezi Aprili kwa kujiamini, mwache aende nao.

Namba hii ina hatari yake. Ni ya bahari, si ya Longido. Haijui milima, haijui mvua ya ngurumo ya jioni moja iliyojaza lambo. Itumie kuuza madume mawili mapema, usiitumie kuhamisha boma zima.

Copernicus, huduma ya tabianchi ya Ulaya, inakaa hapa katikati. Kila mwezi inaweka pamoja utabiri wa msimu wa vituo kadhaa vikubwa, kuanzia kile cha Ulaya chenyewe, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Italia, hadi Marekani na Japani, na unaweza kuvitazama kimoja kimoja uone kama vinakubaliana. Naipenda kwa hilo. Vikitofautiana sana mwezi Julai, najua bahari yenyewe haijaamua. Lakini mraba mmoja wa ramani zake ni digrii moja, karibu kilomita 110: unaweza kumeza Arusha, Moshi na mlima wenyewe kwa pamoja. Chama cha ushirika kinachofunga mikataba, au mnunuzi wa nafaka, atapata kitu. Mkulima wa heka mbili asipoteze bando lake.

Uamuzi wa tatu: leo au kesho

Hapa simu inapata haki yake. Oktoba na Novemba wenzetu wa juu wako kwenye kahawa. Ukiwa na kahawa ya maganda juu ya meza ya kuanikia, unataka kujua kama saa tisa mchana kutanyesha. Programu ya simu na taarifa ya kila siku ya TMA, kwa siku mbili au tatu mbele, zinasaidia kweli. Nyingi ya programu hizo zinachota kwenye modeli za Ulaya au Marekani, na ile ya Ulaya, iliyo makini zaidi, huigawa dunia kwa vipande vya kilomita 9. Kutoka mjini Moshi, kimo cha mita 800 hivi, hadi Kibo mita 5,895, kuna vipande vichache tu. Ndiyo sababu programu inakuonyesha mvua "Moshi" wakati Uru kunamwagika na Mabogini vumbi linatimka.

Kosa langu la 2016 lilikuwa kutumia chombo cha siku tatu kwa uamuzi wa miezi mitatu. Matone ya siku ya nane, ya tisa na ya kumi kwenye simu yasikupandishe mbegu.

Kwa hatari, sikiliza TMA peke yake. Ngazi zake tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zina mamlaka nyuma yake, na baada ya maporomoko ya Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 hakuna mtu wa kanda hii anayepaswa kuzilinganisha na klipu ya WhatsApp.

Na masika je?

Ukihamisha haya yote yakawa ya Machi utajidanganya. Masika haishikiki kwa bahari kama vuli. El Niño na dipoli zina kamba fupi sana kwa mvua ya Machi hadi Mei, na wataalamu duniani kote wanakubali kwamba utabiri wa msimu wa masika ni dhaifu kuliko wa vuli. Inatuuma, kwa sababu masika ndiyo mvua kubwa ya mahindi. Kwa masika mimi hupunguza uzito wa ramani za msimu, nikaongeza uzito wa taarifa za siku kumi za TMA, ambazo huona mawimbi ya mvua yanayosafiri kando ya ikweta wiki moja au mbili kabla. Mifongo, yaani mifereji yetu ya umwagiliaji, ikisafishwa Februari na mbegu ikiwa ndani, mkulima anaweza kungoja wiki ya kweli.

Jambo moja ambalo hakuna kati ya hivi vyote kitakachokupa ni mvua ya shamba lako mwenyewe. Tangu 2019 tuna vipimo vya mvua vitatu, kimoja Uru, kimoja Mabogini, kimoja Kahe. Ni chupa zilizowekwa kwenye nguzo mbali na miti. Kila saa tatu asubuhi mwenye zamu anasoma milimita, anaandika kwenye daftari, anamwaga maji. Daftari hilo ndilo linalotuambia "wastani" wa TMA kwa Kahe ni kiasi gani hasa, na mwisho wa mwezi nakala inakwenda kwa afisa ugani. Mwaka juzi mtoto wa yule mama wa maharage ndiye aliyeomba zamu ya Mabogini.